Sekunde Thelathini

Mteja alilipia tiketi moja, akapata tatu. Zilikuwa tiketi tatu tofauti, kila moja na namba yake na kiti chake. Nilipofungua kumbukumbu za mfumo usiku ule nikakuta mistari mitatu imefuatana: 21:12:07, 21:12:37, 21:13:07. Yote ilisema jambo lilelile: ujumbe umepokelewa, kiti kimetengwa, tiketi inaandaliwa. Niliisoma mara mbili tatu ndipo nikashtuka kwamba kati ya mstari na mstari zilipita sekunde thelathini kamili, bila kuzidi wala kupungua.

Hitilafu za kawaida hazina nidhamu kiasi hicho. Kitu kinachojirudia kwa saa namna ile kuna mtu amekiagiza. Aliyeagiza nilikuwa mimi, ila kulijua hilo kulinigharimu usiku mzima.

Timu yetu ilikuwa ndogo, na mfumo wetu uliuza tiketi za matamasha na mikutano. Hapo mwanzo kila kitu kilifanyika papo hapo. Mteja akibonyeza kitufe cha kulipa, seva ileile iliyopokea ombi lake iliandika malipo kwenye hifadhidata, ikatenga kiti, ikatengeneza PDF, ikaituma kwa barua pepe, halafu ndiyo ikamjibu. Siku ambayo seva ya barua pepe imeamua kwenda mwendo wa kinyonga, mteja alibaki anatazama duara linazunguka kwenye skrini. Akichoka, anabonyeza tena. Na sisi tunapokea malalamiko.

Ndipo tukahamia kwenye foleni. Tulichagua Amazon SQS, huduma iliyo wazi kwa watumiaji tangu 2006, na wazo lake ni jepesi kulieleza. Seva inayopokea malipo inaachana na kazi nzito. Inaandika ujumbe mfupi, kwamba malipo namba fulani yamekamilika, tiketi iandaliwe, inauweka kwenye foleni na kumjibu mteja pale pale. Pembeni kuna programu nyingine, ambazo sisi tuliziita vibarua, zinazoiuliza foleni kila mara kama kuna kazi. Watu wakifurika, unaongeza vibarua. Kibarua akizimika, ujumbe haupotei, maana foleni imeuhifadhi kwenye seva zaidi ya moja. Nilisoma nyaraka nusu, nikaandika msimbo, ukafanya kazi, tukaupakia.

Nusu niliyoiruka ndiyo iliyokuwa na zile sekunde thelathini.

Kwenye timu tulikuwa na dada mmoja aliyetutangulia wote katika kazi hizi. Nilimpigia, nikamsimulia. Hakuniuliza habari za tiketi wala viti.

"Mdogo wangu, hebu nionyeshe unafuta wapi."

"Nafuta nini, dada?"

"Ujumbe. Ukishamaliza nao."

Nikamwonyesha. Mstari wa kufuta ulikuwa mwishoni kabisa, baada ya barua pepe kutumwa. Akaniambia mahali pake ni hapo hapo, sikukosea. "Sasa niambie, kutoka kuupokea mpaka kufika hapo inachukua muda gani?" Nikajibu kwa kujiamini kwamba ni kama sekunde sita. Akauliza, "Leo je?"

Leo zilikuwa arobaini na kitu. Seva ya barua pepe ilikuwa imelemewa.

Sasa nieleze kinachotokea, kwa sababu hapa ndipo watu wengi hujikwaa kama nilivyojikwaa mimi. Nilidhani foleni humkabidhi kibarua ujumbe kisha ikaachana nao, kama unavyompa mtu barua mkononi. Sivyo. Foleni inampa kibarua nakala, halafu inauficha ujumbe wenyewe kwa muda ili vibarua wengine wasiuone. Kibarua akimaliza kazi, anarudi kuiambia foleni "futa". Muda ukiisha kabla hajasema hivyo, foleni inauweka wazi tena, na yeyote atakayeuliza kazi anaweza kupewa. Kwa SQS muda huo wa kufichwa, usipoupanga mwenyewe, ni sekunde 30. Mimi sikuupanga.

Kwa hiyo usiku ule kibarua wa kwanza alipokea ujumbe, akatenga kiti, akakwama kwenye barua pepe. Sekunde ya 30 ujumbe ukajitokeza, kibarua wa pili akauchukua, akatenga kiti kingine, naye akakwama palepale. Kisha wa tatu. Kila mmoja alikuwa hai, anafanya kazi yake kwa uaminifu, na hakuna aliyejua kwamba wenzake wapo kwenye kazi ileile.

Kilichoniumiza kichwa zaidi ni kwamba kumbukumbu zilionyesha kibarua wa kwanza aliufuta ujumbe na akajibiwa kwamba sawa. Ukifutwa, umerudi vipi? Jibu liko kwenye nyaraka, nusu ileile niliyoiruka. Kila ujumbe unapopokelewa unatoka na risiti yake, na ili kuufuta unarudisha ile risiti. Ukipokelewa tena, inatolewa risiti mpya. Anayefuta kwa risiti ya zamani anajibiwa kwamba ombi lake limefaulu, lakini ujumbe wenyewe unaweza kubaki. Nimekuwa na chuki kidogo na neno "sawa" tangu siku ile.

Nilimuuliza yule dada kwa nini waliijenga hivi, mbona kuufuta ujumbe pale unapotolewa kungekuwa rahisi. Akaniuliza swali ambalo hadi leo nawauliza wageni: wewe ndiye foleni, umempa kibarua kazi, zimepita sekunde thelathini, yuko kimya. Amekufa, au anachelewa tu?

Foleni haina namna ya kujua. Mtandao ukikatika baina yao, kibarua aliyekufa na kibarua anayehangaika wana ukimya uleule. Ikifuta mapema, aliyekufa ataondoka na kazi na mteja hatapata tiketi kamwe. Ikingoja uthibitisho, anayechelewa atasababisha kazi ifanywe mara mbili. Huduma nyingi za namna hii zimechagua kurudia kuliko kupoteza, ndiyo maana zinaahidi kuufikisha ujumbe angalau mara moja. Neno "angalau" ndilo lenye mzigo wote. Hata usipochelewa, foleni ya kawaida ya SQS inaweza mara chache kukuletea ujumbe mmoja mara mbili kwa sababu ya jinsi nakala zinavyohifadhiwa kwenye seva nyingi. Baadaye nilipofanya kazi na Pub/Sub, huduma ya jumbe ya Google, nilikuta mambo yaleyale kwa majina mengine, na muda wa kuthibitisha wa sekunde 10 usipoubadilisha. Azure Service Bus, ya Microsoft, wao kule kuuficha ujumbe wanakuita kufuli. Majina tu.

Asubuhi yake nikafanya kile ambacho kila mtu hufanya kwanza: niliongeza muda. Kutoka sekunde 30 nikaupeleka saa nzima. Kikomo ni saa 12, kwa hiyo nilijiona nina kiasi. Marudio yakakoma, nikasifiwa.

Siku chache baadaye tukapakia toleo jipya mchana. Vibarua wa zamani wakazimwa kwa nguvu, mmoja wao akiwa na ujumbe mkononi. Ujumbe ule ulibaki umefichwa. Kibarua wake hayupo, wenzake hawauoni, na foleni inangoja kwa heshima zote mpaka saa ile iishe. Mteja akapata tiketi yake karibu saa moja baadaye, tena huku tamasha limeshaanza. Nilikuwa nimehamisha tatizo kutoka kwa anayechelewa kwenda kwa aliyekufa.

Tulichofanya mwishowe ni kuurudisha muda kuwa dakika mbili, na kumfundisha kibarua kuomba nyongeza. Kila baada ya sekunde arobaini, akiwa bado kazini, anaiambia foleni "niongezee". Akifa, maombi yanakoma na ujumbe unarudi baada ya dakika mbili. Tukaongeza na ustaarabu wa kuzimika: akipewa ishara ya kufunga, haombi kazi mpya, anamaliza aliyonayo, ndipo anaondoka.

Hilo lilipunguza marudio. Halikuyamaliza, na yule dada alinikataza kuota kwamba yataisha. "Jenga kibarua ambaye hata akipewa kazi moja mara kumi, matokeo ni yaleyale."

Nilikubali kwa kichwa, mikono ikakosea. Toleo langu la kwanza lilikuwa hivi: kibarua akipokea ujumbe, anaandika kwenye hifadhidata "malipo namba hii yameshughulikiwa", kisha anaanza kazi. Akikuta alama ipo tayari, anaufuta ujumbe na kwenda zake. Umeona shimo? Kibarua akianguka baada ya kuweka alama na kabla ya kutenga kiti, ujumbe utarudi, kibarua mwingine ataikuta alama, ataamini kazi imefanyika, ataufuta. Mteja hana tiketi na hakuna kumbukumbu yoyote ya kosa. Wateja wa namna hiyo tuliwagundua kwa malalamiko yao wenyewe. Kwa mtazamo wangu, hili lilikuwa baya kuliko tiketi tatu. Tiketi tatu zinapiga kelele.

Dawa ilikuwa kuifanya alama na kazi kuwa kitu kimoja. Namba ya malipo iliwekwa kwenye jedwali la viti kama safu isiyoruhusu kujirudia, na kuiandika namba hiyo ndiko kutenga kiti, ndani ya muamala mmoja. Vyote vinaingia au vyote vinakataliwa. Kibarua wa pili akija na namba ileile, hifadhidata yenyewe inamkatalia, naye anajua kiti kipo, anachukua tiketi iliyopo na kuendelea na hatua inayofuata. Hatukutegemea tena vibarua waelewane. Tulimwachia mlinzi mmoja ambaye tayari tulikuwa naye na ambaye kazi hiyo anaijua tangu kuzaliwa.

Barua pepe ni habari nyingine. Huwezi kuifunga kwenye muamala wa hifadhidata, ikishatoka imetoka. Kibarua akiituma na kufa kabla hajaandika kwamba ameituma, mwenzake atatuma nyingine. Tulijadili sana, mwisho tukakubali. Barua mbili zenye tiketi ileile na namba ileile hazimnyimi mtu kiti.

Kisa cha pili kilihusu jina la mtu. Mteja mmoja aliandika jina lake kwa herufi ambazo maktaba yetu ya kutengeneza PDF haikuzifahamu, na badala ya kutoa kosa la kistaarabu, maktaba ilimwangusha kibarua mzima. Ujumbe ukarudi kwenye foleni. Kibarua mwingine akauchukua, akaanguka. Akaja wa tatu. Tulikuwa na vibarua wanne, na ujumbe mmoja ulikuwa unawazungukia kama homa ya familia: huyu akiinuka, yule analala. Foleni nyuma yake ikarefuka.

Kinga yake inajulikana. Unaiambia huduma kwamba ujumbe ukipokelewa mara kadhaa bila kufutwa, uuhamishie kwenye foleni ya pembeni. Sisi tuliweka mara tano. Wengine huiita foleni ya wafu, jina ambalo silipendi kwa sababu waliomo wengi wanatibika. Ukirekebisha msimbo, unawarudisha na wanapita. Tuliiweka, ujumbe wa yule mteja ukahamia huko, vibarua wakapona.

Hatukuweka kengele. Tulisema tutakuwa tunaichungulia.

Ikatokea mwisho wa wiki mmoja tukawasimamisha vibarua kwa makusudi, kwa sababu ya matengenezo ya hifadhidata. Jumbe zikakaa kwenye foleni siku mbili zikisubiri, na hilo halikuwa tatizo, ndiyo raha ya foleni. Tulipowawasha, nyingi zikapita, chache zikashindwa mara tano na kuhamia pembeni. Niliona idadi yao kwenye dashibodi siku hiyo, nikajisemea nitazishughulikia. Siku ya tatu nikafungua. Sifuri.

Nakiri nilifurahi. Nilidhani mwenzangu amezishughulikia. Nilimshukuru kabisa, naye akanitazama kama ninayeongea usingizini.

SQS huhifadhi ujumbe kwa siku 4 usipopanga vinginevyo, na unaweza kupanga hadi siku 14. Hilo nililijua. Nisilolijua ni kwamba kwa foleni za kawaida, ujumbe ukihamishiwa foleni ya pembeni unaendelea na umri wake uleule. Siku zinahesabiwa tangu ulipotumwa mara ya kwanza. Jumbe zetu zilikuwa zimetumia siku mbili zikisubiri matengenezo, kwa hiyo kule pembeni zilibakiwa na mbili tu. Zikaisha kimyakimya, na hakuna mahali zinapokwenda zikishaisha. Tulilazimika kulinganisha jedwali la malipo na jedwali la viti, mstari kwa mstari, kuwatafuta waliokosa. Leo foleni ya pembeni ina siku 14, na kengele inalia ikiwa na ujumbe hata mmoja.

Tukiwa kwenye kengele: kwa muda mrefu nilikuwa natazama idadi ya jumbe kwenye foleni, na idadi inadanganya. Jumbe elfu kumi kwa vibarua wenye kasi ni dakika chache. Jumbe tano zilizokwama tangu asubuhi ni maafa. Sasa natazama umri wa ujumbe mkongwe kuliko wote. Na foleni haikuongezei nguvu, hili nimelazimika kulirudia mbele ya mabosi mara kadhaa. Zikiingia jumbe 50 kwa sekunde na wewe unamudu 40, baada ya saa moja una 36,000 zinasubiri. Uingiaji ukishuka hadi 20 kwa sekunde, utahitaji nusu saa nyingine kuzimaliza. Foleni inakununulia muda, na muda huo unaulipa mteja wa mwisho kwenye mstari.

Mengine nitayapitia haraka. Niliwahi kuweka PDF nzima ndani ya ujumbe, nikagonga ukuta wa KB 256 uliokuwepo wakati ule. Sasa faili linakaa kwenye hifadhi ya wingu na ujumbe unabeba anwani yake tu. Vibarua wetu pia waliuliza "kuna kazi?" mfululizo hata usiku wa manane, na kwa kuwa huduma inatoza kwa kila ombi, tulikuwa tunalipia majibu ya "hakuna". Kuna mpangilio wa kuiambia foleni isubiri hadi sekunde 20 kabla ya kujibu kwamba haina kitu. Ni mstari mmoja wa msimbo.

Mpangilio wa foleni nao ulitutesa. Foleni ya kawaida haikuahidi kwamba aliyetangulia ndiye atakayetoka kwanza, hujitahidi tu. Siku moja ujumbe wa kufuta tiketi ulifika kabla ya ujumbe wa kuitengeneza. Kibarua hakukuta cha kufuta, akaridhika, kisha tiketi ikatengenezwa. Nikakimbilia foleni za FIFO, yaani wa kwanza kuingia ndiye wa kwanza kutoka, aina ambayo Amazon waliiongeza 2016, zinazotunza utaratibu. Nikaziweka jumbe zote kwenye kundi moja. Utaratibu ulinyooka kweli, ila vibarua wanne wakawa wanafanya kazi ya mmoja, maana ndani ya kundi haitoki ya pili mpaka ya kwanza imalizike. Ilitakiwa kila tiketi iwe kundi lake. Tiketi yangu na yako hazina sababu ya kungojana.

Na kuna shimo moja lililokaa kwa miezi bila mtu kuliona, kwa sababu liko kabla ya foleni. Seva yetu iliandika malipo kwenye hifadhidata, kisha ikatuma ujumbe. Ikizimika katikati, malipo yapo, ujumbe haupo, na foleni haina kosa lolote kwa kitu ambacho haikukabidhiwa. Kugeuza mpangilio hakusaidii, utatuma ujumbe wa malipo ambayo hayakuandikwa. Tulichofanya ni kuandika malipo na ujumbe wenyewe kwenye hifadhidata ileile, muamala mmoja, ujumbe ukiwa mstari kwenye jedwali la vinavyosubiri kutumwa. Programu ndogo inapita, inatuma, inaweka alama. Ikifa kabla ya kuweka alama itatuma tena, na kutuma tena hakututishi, tumeshamfundisha kibarua.

Hivi karibuni mteja mmoja alituandikia. Alikuwa amepokea barua pepe mbili na alitaka kujua kama amekatwa pesa mara mbili. Nilifungua kumbukumbu: kibarua wa kwanza alituma barua saa 18:40:11 na hakuandika kitu kingine baada ya hapo. Wa pili alitokea dakika mbili baadaye, hifadhidata ikamkatalia kiti kipya, akachukua kilichopo, akatuma. Nilimjibu mteja alinganishe namba za tiketi zake mbili. Akajibu, "Zinafanana. Sasa ya pili ya nini?"

Nilianza kumweleza, nikafuta, nikamwandikia kwamba atumie yoyote.